Ng'ombe wa Kompyuta ya Ndani

Mzee Revocatus Chenge hakupenda kuonekana hajaelewa jambo, sembuse mbele ya binti yake mwenyewe. Kwa hiyo Modesta alipochora boksi kubwa kwenye karatasi, akachora boksi dogo ndani yake, kisha akauliza, "Tumeelewana, Baba?" mzee aliitikia kwa kichwa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Endelea," alisema.

Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 1999, sebuleni kwake Mkuyuni. Modesta alikuwa amekuja likizo kutoka Dar es Salaam, ambako alifanya kazi kwenye kampuni ya kufunga kompyuta maofisini. Alikuwa amesafiri kwa treni na kompyuta nzima, kioo chake akiwa amekipakata kama mtoto mgonjwa, na sasa ilikuwa juu ya meza ya kulia chakula, imefunikwa nusu kwa kitambaa cha kufuma ambacho mzee hakutaka kiondolewe.

"Hili boksi kubwa ni kompyuta yenyewe," Modesta alisema. "Hili dogo ni kompyuta nyingine, ila haipo."

"Haipo?"

"Haipo kama kitu cha kushika. Ni programu tu, imetoka mwaka huu huu. Lakini inafanya kazi kama kompyuta kamili. Inajiwasha, inajizima, inasoma disketi. Yenyewe inadhani ni kompyuta."

"Inadhani," mzee alirudia.

"Ee. Sasa sikiliza hapa, Baba, hapa ndipo penyewe. Majirani watakuja na disketi zao, nakujua hutawafukuza. Disketi ya mgeni usiifungue kwenye kompyuta hii kubwa. Ifungue humu kwenye ndogo. Ikiwa na virusi, vitaishia humo humo. Ukimaliza unaizima ile ndogo, nayo itakuuliza: mabadiliko ya leo niyahifadhi, niyatupe, au niyaache yangoje? Wewe chagua kutupa. Kesho yake inaamka kama ilivyozaliwa. Kazi zako mwenyewe, weka kwenye hii kubwa."

"Nimeelewa."

"Hakika?"

"Modesta, mimi nimesoma masomo ya jioni huku nikipima pamba mchana kutwa. Nikisema nimeelewa, nimeelewa."

Na kweli alikuwa amesikia kila neno. Tatizo halikuwa masikio. Tatizo lilikuja siku Modesta aliporudi Dar, mzee akabaki na ile karatasi mkononi, akaigeuza huku na huku, akaona kwamba binti yake amejichanganya.

Alifikiria nyumba ya babu yake kule Misungwi. Ilikuwa msonge mkubwa wenye kuta mbili za mduara, mmoja ndani ya mwingine. Kati ya ukuta na ukuta walilala ndama, na mgeni wa njiani akipitiwa na giza alitandikiwa ngozi yake hapo hapo. Ndani kabisa, nyuma ya ukuta wa pili, alilala babu, na huko ndiko kulikokuwa na mbegu, na majembe mapya, na kila kitu ambacho familia isingeweza kukipata tena kikipotea. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angempitisha mgeni asiyemjua mpaka chumba cha ndani, halafu yeye mwenyewe na mbegu zake akalale na ndama.

"Amesema haraka haraka," mzee alijiambia. "Vijana wanasema haraka. Alitaka kusema wageni nje, mali ndani, ulimi ukateleza."

Akachukua kalamu. Ndani ya boksi dogo akaandika *Mimi*. Kwenye boksi kubwa akaandika *Wageni*. Akaibandika karatasi ukutani, akaona moyo umetulia.

Mali aliyotaka kuiweka ndani ilikuwa moja tu, na ilikuwa kichwani mwa dada yake.

Dada yake Paskazia, mkubwa kwake kwa miaka mingi, aliishi Usagara kwa mwanawe Shimba. Kwa kuwa wavulana wa boma lao walikuwa bado wadogo, Paskazia ndiye aliyechunga ng'ombe wa babu tangu akiwa binti mdogo, na babu alimfundisha majina yote ya rangi za ng'ombe. Mtu wa mjini huona ng'ombe mweusi, mweupe, mwekundu na wa mabaka, basi. Paskazia aliona mengine. Ng'ombe mwenye doa jeupe kwenye paji la uso alikuwa na jina lake. Doa hilo likiteremka mpaka puani, jina lilikuwa jingine. Likigawanyika juu ya macho, jingine tena. Lilikuwapo jina la ng'ombe wa rangi ya majivu yaliyopoa, na jina la yule ambaye rangi yake hubadilika akilowa mvua. Wachungaji wa siku hizi hawakuyajua. Shimba mwenyewe aliwaita ng'ombe wake kwa majina ya wachezaji mpira.

Mzee Chenge alipelekwa shule, akakulia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na majina hayo yalimpita. Aliliona hilo kama pengo kwenye elimu yake. Alikuwa amejifunza Kiingereza, hesabu, hata namna ya kupiga chapa kwa vidole kumi, lakini hakujua jina la ng'ombe ambaye yeye alikunywa maziwa yake. Sasa alitaka kutengeneza kitabu.

Akamleta Paskazia Mkuyuni. Walikaa pamoja kila asubuhi, umeme ukiwapo, yeye kwenye kiti, dada yake kwenye kigoda akiitazama kompyuta moja kwa moja kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kuposa.

"Mwambie huyo," Paskazia alisema kwa Kisukuma, "kwamba huyu ninayemtaja sasa tumbo ni jeupe, lakini weupe haupandi mbavuni. Ukipanda mbavuni si yeye."

"Usimwambie yeye, niambie mimi. Mimi ndiye naandika."

"Wewe umekosea mara ngapi tangu asubuhi? Yeye sijamsikia akikosea."

Karatasi hazikutumika. Mzee aliona ni mambo ya kizamani, na isitoshe mchwa wa Mkuyuni walikwisha kumlia kamusi nzima. Siku mbili tatu za mwanzo aliandika kwenye ile kubwa kwa kujaribu, kisha akayarudia ndani; tangu hapo kila neno liliingia kwenye kompyuta ya ndani, nyuma ya ukuta wa pili. Kila walipomaliza aliizima ile ndogo, nayo ikauliza swali lake: kuhifadhi, kutupa, au kuacha yangoje. Kutupa hakukumwingia akilini. Kuhifadhi kulimtia hofu pia, maana onyo lililofuata lilisema jambo hilo halitaweza kurudishwa nyuma, na yeye hakupenda kutia sahihi jambo lisilorudi nyuma bila Modesta kuwapo. Kwa hiyo kila mara alichagua lile la tatu, yaache yangoje. Kesho yake akiiwasha aliyakuta majina yote mahali pake, akaona amefanya busara.

Wageni nao aliwapokea vizuri, kwenye kompyuta kubwa. Jirani yake Yunus, aliyekuwa na duka la vipuri vya baiskeli na aliyeanza kuagiza mali Dubai tangu biashara ilipofunguliwa, alileta disketi zenye orodha za vipuri. Katibu wa kwaya, Justa, alileta ratiba. Walikaa, wakanywa chai, wakafungua mambo yao.

Shida pekee ilikuwa kwamba kompyuta hizo mbili zilifanana kama mapacha. Ile ndogo ikitanuliwa ilijaza kioo chote, na mandhari yake ilikuwa ile ile ya bluu, vipicha vile vile pembeni. Siku nyingine mzee alianza kuandika, akasita, vidole vikiwa hewani. Niko ndani au nje? Aliangalia karatasi ukutani, akaangalia kioo, karatasi haikumsaidia kitu. Ilimbidi aipunguze ile picha ndipo aone nyingine nyuma yake, na hata hapo alijiuliza kama nyuma ya hiyo nyuma hakuna nyingine.

Mwezi wa kumi Paskazia alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, na maneno yakamwishia. Akili yake ilikuwepo; macho yalimfuata mtu na yalikasirika panapostahili. Lakini kinywa kilitoa sauti moja tu, ndefu, isiyogawanyika. Shimba alikuja na gari la kukodi akamrudisha mama yake Usagara. Mzee Chenge alirudi ndani, akakaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, akajua kwamba kilichomo humo ndicho chote kitakachokuwapo.

Wiki chache baadaye kompyuta kubwa ilianza vituko. Ratiba ya kwaya ilifunguka ikiwa tupu. Orodha ya Yunus ikajaa alama zisizosomeka, kama mtu aliyemwaga mtama kwenye kioo. Halafu kila faili lililofunguliwa likatoa kijidirisha chenye maneno ya kejeli kwa Kiingereza, na likifungwa halifunguki tena. Mzee aliizima, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, akamsubiri binti yake bila kuigusa.

Modesta alifika kabla ya Krismasi. Hata mizigo ya safari hakuifungua. Alinawa mikono, akamwamkia baba yake, akaketi mezani. Yunus, aliyesikia kwamba fundi amefika, alikuwa amekwisha kujipatia kiti na kikombe.

"Shikamoo, Baba Zakia," Modesta alimwambia Yunus.

"Marahaba, mama. Tuokolee huyu mgonjwa. Orodha yangu ya Dubai imo humo."

Modesta alifungua faili moja, la pili, la tatu. Uso wake ulizidi kukunjamana.

"Baba, hizi disketi za watu ulizifungulia wapi?"

Mzee Chenge alikohoa. "Nilifuata mpangilio."

"Sasa mbona huku nje kumeoza hivi? Virusi vimeingiaje huku kubwa?"

"Disketi yangu ni safi," Yunus aliwahi kusema. "Naiweka kwenye nailoni, na kabla ya kuja naipangusa. Muulize baba yako, kitambaa ni cha miwani yake."

"Virusi si vumbi, Baba Zakia."

"Basi ni nini?"

"Ni maandishi. Maandishi yanayojinakili."

Yunus akamgeukia mzee. "Umesikia? Maandishi yanajiandika yenyewe. Na wewe ulivyohangaika na vidole kumi!"

Modesta hakucheka. Alikuwa amepata kwenye kompyuta kubwa faili lenye jina *Rangi*. Mzee alilikumbuka: kurasa za kwanza kabisa, za siku mbili tatu, kabla hajahamia ndani. Modesta alilibonyeza mara mbili. Kijidirisha cha kejeli kikatokea, na nyuma yake ukurasa mweupe usio na hata nukta.

Binti akasema taratibu, bila kugeuka, "Baba. Pole sana. Kazi ya shangazi imekwenda."

Mzee aliinuka, akakisogelea kioo. Hiyo *Rangi* iliyokuwa tupu, ilikuwa ile ya nje au ile ya ndani? Aliamini aliiweka ndani. Lakini kioo kilikuwa cha bluu kile kile. Labda siku zile alizositasita alikuwa nje muda wote. Labda hapakuwa na ndani. Modesta mwenyewe ndiye aliyesema haipo.

"Hakuna namna?" aliuliza.

"Hakuna. Nitafuta kila kitu, nianze upya. Ngoja kwanza niizime hii ndogo vizuri, naona iliachwa na mambo yanayongoja."

Akaiwasha ile ndogo, na bila kutazama kilichomo, akaizima. Swali likatokea: kuhifadhi, kutupa, au kuacha yangoje. Mshale wa kipanya ukaenda kwenye kutupa.

Mzee Chenge aliuona mshale ule. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi, lakini kilikuwa kizito kama gunia la pamba iliyolowa. Tangu saa ile binti alipoketi alikuwa amesema alifuata mpangilio, na Yunus amesikia. Yunus angelipeleka jambo hili dukani, na dukani kwa Yunus Mkuyuni nzima ilinunua spoku. Mzee aliyesoma masomo ya jioni, aliyewasahihisha vijana Kiswahili barabarani, ambaye ukutani kwake palibandikwa karatasi iliyoandikwa kinyume kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Usiguse!"

Yunus alimwaga chai. Modesta aliondoa mkono kwenye kipanya kana kwamba kimemuunguza.

"Nini?"

"Yamo humo. Nadhani yamo humo."

"Nini kimo humo?"

"Ng'ombe. Wote." Alinyoosha kidole kwenye karatasi ya ukutani. "Nilikuona umekosea. Nikafanya kinyume. Wageni nimewaweka nje, dada yangu nikamweka ndani."

Modesta alimtazama baba yake, akatazama ukutani, akaisoma ile karatasi. *Mimi. Wageni.*

"Na swali hili? Hili la kutupa na kuhifadhi?"

"Yote niliyaacha yangoje."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Mungu wangu." Alikiweka kipanya mbali naye, upande wa pili wa meza, kama kisu. "Baba, ningebonyeza hapo, yangeondoka yote. Yote ya tangu mwanzo, mara moja."

"Ndiyo maana nimepiga kelele."

Yunus aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo mzee alikosea au alipatia?"

"Alikosea," alisema Modesta. "Alikosea kabisa. Ile ndogo ni kwa ajili ya uchafu. Na hata hivyo imo ndani ya kubwa. Kubwa ikifa, inakufa nayo."

"Lakini umesema kubwa imeoza."

"Imeoza."

"Na ndogo?"

Modesta alichagua yangoje, akaiwasha upya. Walisubiri. Bluu ikatokea. Akafungua *Rangi*. Kioo kikajaa mistari, jina na maelezo, jina na maelezo, ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna kijidirisha, hakuna kejeli.

"Ndogo nzima," alisema, na sauti yake ilikuwa na hasira kidogo, kama ya mtu aliyeibiwa sababu ya kugomba. "Virusi vya nje havikuona njia ya kuingia. Ukuta ule ule, ila umeutumia upande usio wake."

"Basi nilikuwa sahihi," mzee alisema kwa uangalifu.

"Hapana, Baba."

"Lakini kazi imepona."

"Imepona."

"Kwa sababu iliwekwa ndani."

"Kwa sababu una bahati!"

Mzee alitaka kuelewa, na kila alipokaribia kuelewa, boksi dogo lilitoka nje ya boksi kubwa na kubwa likaingia ndani ya dogo. Yunus alimpigapiga begani. "Usijisumbue, jirani. Hata mimi nimepotea tangu pale kwenye vumbi."

Modesta alichukua disketi mpya kutoka kwenye mkoba wake, akayatoa majina moja kwa moja kutoka kompyuta ya ndani, kisha akaenda mjini kuyachapisha kwenye mashine nyingine. Alirudi na bunda la karatasi lenye joto bado, akalikabidhi kwa mikono miwili. Orodha ya Dubai haikuokoka.

Baada ya Krismasi walikwenda Usagara. Paskazia alikuwa amekalishwa kwenye mkeka karibu na zizi, mgongo ukiegemea gunia la pumba. Mzee Chenge aliketi mbele yake, akavaa miwani, akaanza kusoma. Alisoma jina, kisha maelezo, kisha akamtazama. Paskazia alifumba macho na kuyafumbua: ndiyo. Alisoma jingine. Ndiyo. Shimba aliyekuwa akikamua aliacha, akasogea kusikiliza, akaanza kuwaangalia ng'ombe wake kana kwamba ndio kwanza wamefika.

Kwenye ukurasa wa nne Paskazia alitikisa kichwa.

Mzee alisoma tena. Mweusi, tumbo jeupe, weupe haupandi mbavuni. Kichwa kikatikisika tena, kwa nguvu.

Akamgeukia Modesta. "Una hakika virusi havikuligusa hili?"

"Baba, virusi havijui Kisukuma."

Hilo halikumtuliza. Kama si virusi, basi yeye ndiye aliyeandika vibaya. Au dada yake alimwambia vibaya asubuhi ile. Au alimwambia vizuri na ugonjwa ndio uliomchanganya sasa. Watuhumiwa walikuwa watatu, na hakuna aliyeweza kuhojiwa.

Paskazia alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea zizini. Shimba alielewa, akamtoa ng'ombe mmoja kwa kamba, kisha wa pili. Wote walikuwa weusi, wote tumbo jeupe. Mbele ya wa kwanza alifumba macho. Mbele ya wa pili alitikisa kichwa, akaelekeza kidole, na kidole kikatetemeka mpaka kikatua nyuma ya mnyama.

"Mkia?" mzee aliuliza. "Ncha ya mkia ni nyeupe. Huyu si yule kwa sababu ya mkia?"

Macho yalifumbwa, yakafumbuliwa.

Mzee alitoa penseli mfukoni, akaongeza: *na mkia mweusi wote*. Kisha akamtazama yule wa pili, mwenye ncha nyeupe, akatambua kwamba huyo ana jina lake, na halimo kwenye karatasi zote alizoshika. Dada yake alilijua. Lilikuwa pale, nyuma ya macho yale, na hapakuwa na mlango.

Alitaja jina moja alilowahi kulisikia kwa babu. Paskazia akatikisa kichwa. Alitaja jingine, ambalo hata yeye hakujua kama ni la ng'ombe au la mbuzi. Nusu ya uso wa dada yake ikacheka. Ng'ombe alisimama, akipunga ule mkia, inzi wakiruka na kurudi.

"Mshike vizuri, Shimba, asiondoke," mzee alisema, akajaribu jingine.